Lobaria za Mlima Kenya: hatimaye zimekubali kutofautishwa

Wale mnaofuatilia ramani yangu ya Lobaria (laikeni za kwenye miti, yaani kuvu anayeishi pamoja na mwani au bakteria kama kiumbe kimoja) njia ya Naro Moru mnajua kelele yangu ni ile ile, kati ya spishi mbili: hii ni pulmonaria ama retigera? Zikikauka zote ni hudhurungi, zote zina ule mtandao wa matuta na mabonde, na ukiletewa picha ya mtu aliyepita Januari akikimbilia kilele, haki ya Mungu huwezi kuapa ni ipi. Vitabu vinakwambia angalia juu ya matuta, pulmonaria ina unga wa soredia, retigera ina vijiti vya isidia (vyote ni vipande vidogo vinavyobanduka kuanzisha laikeni mpya). Sawa, lakini soredia za pulmonaria zenyewe mara nyingi zina umbo la isidia! Kwa hiyo unabaki umechuchumaa kwenye shina la mti wa Hagenia, lenzi ya x10 jichoni, shingo inauma, ukungu unaingia na bado hujui.

Kilichoniokoa ni chupa ya kupuliza maji, ile ya kinyozi. Puliza, ngoja kidogo, angalia tena. Pulmonaria inageuka kijani kama sukuma wiki iliyotoka kuoshwa, retigera inaenda buluu-kijivu, karibu nyeusi. Gamba la juu la kuvu likiwa kavu linaficha kilicho ndani, likilowa linapitisha mwanga, na ndani pulmonaria anaishi na mwani wa kijani (Nostoc, bakteria wa buluu-kijani, yuko pia, ila kwenye vivimbe tu) wakati retigera ni Nostoc mtupu. Basi.

Sasa sheria ni moja, picha kavu haiingii kwenye ramani. Nimefuta nukta nyingi na imeuma, chini ya kambi ya Met Station pale mita 3,050 pamebaki mapengo matupu, lakini afadhali pengo kuliko uongo. Na kabla mniulize kuhusu tone la potasiamu haidroksaidi, ile kemikali ya kudondoshea kipande cha laikeni uone kinageuka rangi gani: kukata hata kipande ndani ya hifadhi ya taifa kunataka kibali, mimi ni mtu wa wikendi. Zile apu za kutambua mimea nazo sitaki kuzisikia, kila kitu chenye matuta zinaita pulmonaria. Lenzi ya kubana kwenye simu ndiyo pesa niliyotumia vizuri. GPS chini ya miti mikubwa inarukaruka, napiga pointi mara kadhaa nachukua ya katikati.

Ulaya nchi kibao zimemweka pulmonaria kwenye orodha nyekundu zao, moshi wa salfa na kukatwa kwa misitu mikongwe vilimmaliza. Ndiyo maana nang'ang'ana na nukta za huku. Anakua milimita chache kwa mwaka na vipande vyake vingi huanguka karibu na pale pale alipokuwa, sasa mtu akiangusha mti wa podo wa miaka mingi, huyu hahamii mti wa jirani wiki ijayo.

Mpango ulikuwa kusimama kila mita 100 za kupanda kuanzia geti la hifadhi, mita 2,400. Nimeuweka kando kwanza, kwa sababu juzi baada ya upepo nilikuta tawi la podo limelala njiani limejaa Lobaria, na kwenye shina la mti wenyewe, kote nilikofikia kwa macho, hakuna hata moja. Yaani ziko juu huko! Sasa nawinda matawi yaliyoanguka, napuliza, napiga picha, naacha hapo hapo. Mwenye darubini ya kutazamia ndege wa porini ya kuazima anitafute, nataka kuangalia matawi ya juu siku ya mvua.