Vigingi Vitano Kwenye Jaruba

Machi 2018 mpunga wetu ulikuwa umefika magotini. Nilitoka Mwanza mjini alfajiri, nikashuka Usagara pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Kwenye begi nilikuwa na karatasi za mauziano ambazo nilizichapisha mwenyewe. Baba alishakubali kuuza ekari mbili za majaruba, yale mashamba ya mpunga ya bondeni yaliyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, maana mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada ya chuo. Nami nilikuwa upande wa kuuza, tena kwa moyo wote.

Dalali alitutangulia kufika. Alikuwa ameshachomeka vigingi vitano vya mti ndani ya mpunga, na hesabu anayo kichwani: ekari moja ni mita za mraba 4,000 na ushee, ukitoa njia unabaki na viwanja vinane vya 20 kwa 20. Ekari mbili, viwanja kumi na sita. Alilipenda bonde kwa sababu ni tambarare na liko karibu na barabara. Kule mlimani kwenye mawe na luseni, ule mchanga wa juu ambako wazee wetu wote walijenga, aliona ni usumbufu mtupu.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo mama," dalali akasema.

"Marahaba, baba. Vua viatu tushuke."

Alivua, akakunja suruali. Tukapita juu ya tuta mmoja mmoja, mama mbele, baba nyuma yangu. Mama alisimama kwenye mlango wa tuta, ule upenyo mdogo ambao maji hupitia kutoka jaruba la juu kwenda la chini. Akainama, akachota tope jeusi la mbuga, akamwekea dalali kiganjani na kumfumbisha vidole. Likatoka kati ya vidole kama ugali wa muhogo.

"Hili likikauka linapasuka hadi mkono wako unaingia," akamwambia. "Likilowa linavimba. Utawaambia wateja wako?"

Dalali akasema msingi mzuri unatengenezwa kwa kumwaga kifusi kwanza. Hapo mama akanyoosha mkono upande wa juu.

Jirani yetu alikuwa ameuza mwaka uliotangulia. Mnunuzi akaleta kifusi, lori baada ya lori, akapandisha ardhi kuliko tuta, akajenga nyumba nzuri ya vyumba vitatu. Maji ambayo miaka yote yalipita kwake taratibu, jaruba hadi jaruba, yalikosa njia. Yakakata kona. Jaruba letu la pembeni likawa bwawa, mpunga ukaoza na kunuka. La katikati likabaki na nyufa wakati mvua inanyesha. Nilikuwa nimeyasikia hayo kwa simu, nikadhani ni malalamiko ya kawaida ya wakulima. Siku ile niliyaona kwa macho: mashina ya manjano yaliyolala, vyura, na kwa mbali ukuta wa nyumba ile ukiwa umepasuka kuanzia dirishani hadi chini.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Karatasi zako rudisha kwenye begi."

Ada ilikuwa bado inadaiwa. Jioni ile ile tulipanda luseni, baba na mimi, tukahesabu hatua kwenye shamba la mihogo lililochoka, ambalo halikuwa likitupa chochote cha maana. Tuliamua kuuza viwanja vitatu pale. Bei ilikuwa ndogo mno kuliko ya bonde, na mdogo wangu alichelewa muhula mzima. Alinuna. Namwelewa.

Mnunuzi hakuwa mkazi wa kijiji, kwa hiyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibidi halmashauri ya kijiji iidhinishe. Nilikwenda na baba kwenye kikao. Aliomba neno moja tu: anayetaka kujenga aelekezwe juu, na bonde liandikwe kuwa la kilimo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Wengine waliguna, kwani walikuwa na wateja wao tayari. Mpango wenyewe haukuandikwa mwaka ule, wala uliofuata. Leo daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, tangu Juni 2025, na madalali wanapita na pikipiki karibu kila wiki. Kila nikimwona mmoja, moyo unanienda mbio.

Vile vigingi vitano mama aliving'oa mwenyewe kabla jua halijazama. Akavipigilia kwenye mlango wa tuta, akakandika tope juu yake, na maji yakaanza kupanda polepole kwenye jaruba la katikati.