Saa ya ukutani: anza na mshale mfupi peke yake

Saa za ukutani zina 7 pale ambapo sisi tunasema saa moja. Mtu mzima ameshazoea, hata haoni tena. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye ndiyo kwanza anaijua 7, anaambiwa aseme "moja", na papo hapo anaambiwa kwamba mshale mrefu ukiwa kwenye 12 maana yake ni "kamili". Mambo mawili mapya kwa mpigo! Wengi huishia kukariri majibu bila kusoma saa.

Tengeneza saa ya boksi. Fungua bikari sentimita 9 na nusu, uchore duara. Kipimo hicho kina sababu: mzunguko wake unakaribia sana sentimita 60, kwa hiyo utepe wa karatasi wa sentimita 60 utazunguka ukingo wote, na kila sentimita itakuwa dakika moja. Utepe uweke kando kwanza. Andika 12, 6, 3 na 9, ndipo ujaze mbili mbili katikati yake. Ukianzia 1 na kwenda mfululizo, namba hubanana upande mmoja.

Sasa, kwa ndani, andika mzunguko wa pili kwa kalamu nyekundu: kando ya 7 andika 1, kando ya 8 andika 2, endelea hivyo mpaka kando ya 6 uandike 12. Mshale mfupi ukate sentimita 5 hivi, uishie kwenye namba nyekundu. Mrefu uwe sentimita 9, ufike ukingoni. Urefu wa mshale wenyewe unamwonyesha mtoto asome wapi, na wewe unaokoa maneno mengi.

Funga mshale mfupi tu. Usukume taratibu, mtoto aseme: saa mbili kamili, saa mbili na kidogo, saa mbili na nusu, inakaribia saa tatu. Kaa hapo siku kadhaa, usiwe na haraka. Anayeweza kukisia muda kwa mshale mfupi peke yake hatapotea sana mrefu ukija.

Utepe wa dakika uanzie mezani ukiwa umenyooka. Mtoto apake rangi kila sentimita ya tano, ahesabu 5, 10, 15 mpaka 60, ndipo mubandike, mwanzo na mwisho vikutane kwenye 12. Ambaye bado anakwama kuhesabu kwa tano tano asubiri. Ataangalia mshale mrefu ukiwa kwenye 3 na kusema "saa mbili na dakika tatu".

Kosa moja ni la walimu wenyewe. Mishale ya boksi haivutani, kwa hiyo mtu anaweka mfupi sawasawa kwenye 2 nyekundu, mrefu kwenye 6, halafu anauliza ni saa ngapi. Saa hiyo haipo. Ikiwa saa mbili na nusu, mfupi lazima uwe katikati ya 2 na 3. Tafuta saa ya zamani ya ukutani, toa betri, uzungushe kigurudumu cha nyuma: mtoto ataona mfupi unavyojivuta kila mrefu unapozunguka.

Kasoro iache mwisho. Ikiwa saa tatu kasoro dakika kumi, mshale mfupi karibu unaigusa 3 nyekundu, na mtoto husema "saa tatu na dakika hamsini". Amesogeza saa nzima mbele kwa sababu amesoma namba iliyo karibu zaidi. Muulize: mshale umeshaifika? Kama bado, asome ile uliyoipita: saa mbili na dakika hamsini. Hilo likikaa, rudi kwenye utepe, mhesabu kinyumenyume kutoka 12 dakika zilizobaki kufikia saa tatu. Anza na kasorobo, maana anaisikia kila siku.

Mwisho fichua saa isiyo na namba nyekundu. Mshale mfupi ukiwa kwenye 10, laza rula ipite katikati ya saa: ng'ambo kuna 4, ni saa nne. Hapa huzuka kosa jipya, mtoto kuvusha mishale yote miwili. Kwenye saa moja na robo anauhamisha mrefu kutoka 3 hadi 9 na kusema kasorobo. Unaovushwa ni mfupi tu.

Zipo nyumba zinazoirekebisha saa yenyewe ili saa moja asubuhi mshale uelekee 1. Kwa nyumbani inarahisisha, lakini mtoto atakwama mbele ya saa nyingine yoyote, ya shuleni ikiwemo. Mimi nisingefanya hivyo.

Tarakimu za simu zingoje mpaka ajue kutoa. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 anatoa 6: 13:00 ni saa saba mchana. Kuanzia 19:00 anatoa 18. Baada ya saa sita usiku, 00:00 hadi 06:00, anaongeza 6.