Gego Lililonisuta

Siku skuli yetu ilipotupeleka makumbusho ya Chake Chake, yale yaliyomo ndani ya ngome kongwe, cheti changu cha kuzaliwa kilisema nina miaka 14. Darasa zima nilikuwa kidogo kuliko wote, lakini cheti ni cheti.

Siku hiyo ilikuwa ruhusa kushika. Uani walipanga mabeseni ya mchanga, kila mmoja akapewa brashi ya rangi na kijiko. Mimi nikaibua kigae cha chungu, kisha mfupa wa mguu wa mbuzi wenye mikwaruzo. Nikadhani nimeukwaruza mwenyewe kwa kijiko, nikaufukia tena haraka. Mama aliyekuwa akitufundisha, kavaa buibui na glavu za hospitali, akaufukua.

"Hiki kisu," akasema, akipitisha kucha juu ya mstari. "Jino la mbwa huacha shimo. Kisu huacha mstari. Mbuzi huyu kaliwa na watu."

Ndivyo wanavyojua, akatwambia, watu wa kale walikula nini: jaa la jikoni kwao ni daftari.

Kisha tukahamia kwenye mifupa ya plastiki iliyotundikwa mlangoni. Mtu mzima ana mifupa 206, mtoto mchanga karibu 300, mingine huungana akikua. Kwa hiyo polisi wakiokota mifupa isiyo na mwenyewe, umri huutafuta kwenye maungio na kwenye meno. Gego la pili hutoka baina ya miaka 11 na 13. La mwisho husubiri mpaka 17 au zaidi, na wengine haliwatoki kabisa.

Tukagaiwa tochi, wawili wawili, tuangaliane midomo. Mwenzangu alikuwa na sauti ya kuadhini.

"Mwalimu! Huyu hana!"

Yule mama akaja, akainama, akanigeuza kidevu kwenye mwanga. Glavu ilinuka unga wa mpira.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na nne."

"Hmm. Meno hayasemi tarehe, husema karibu yake tu. Lakini haya yako bado hayajafika huko."

Walicheka mpaka garini.

Nyumbani nilimkuta Mama kwenye jamvi anachambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku. Nikamuuliza. Hakunyanyua kichwa. Akahesabu kwa vidole, msimu mkubwa, misimu midogo, ule mkubwa mwengine, mpaka akafika kwangu.

"Kumi na mbili," akasema. "Baba'ko alikuongeza miwili uanze skuli na binamu yako. Njia ilikuwa ndefu, na wewe ulikuwa unalia ukiachwa."

"Sasa nimwambie mwalimu?"

"Umwambie nini? Chambua."

Nikachambua. Leo ni mtumishi wa serikali, na cheti ni kile kile. Watanistaafisha nina miaka 60 ya karatasi, 58 ya magego.