Siku tano kwa miguu, Lindi hadi Tendaguru

Kwetu Lindi kila mtoto anakua akisikia habari za mjusi. Mjusi mkubwa, yaani dinosaria, aliyechimbwa kilima cha Tendaguru, akapelekwa Ujerumani, na leo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nimefundisha historia miaka kumi na sita na nimemtaja mjusi huyo darasani mara nyingi sana. Lakini kilichonikaa moyoni si mjusi, ni waliombeba. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa watu, safari ya siku nne kila mara. Mifupa mikubwa ilining'inizwa kwenye mti, ikabebwa na watu wawili au zaidi. Na hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, nchi ikiwa bado ina njaa na makovu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, niliamua kuitembea njia hiyo kinyume, kutoka bandarini kwenda kilimani. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Hatukukanyaga palepale walipokanyaga wao. Tulifuata vijiji, kwa sababu ya maji na pa kulala: Mchinga, Kitomanga, Mipingo, halafu msituni. Kwa mstari ulionyooka Tendaguru iko kama kilomita 60 kutoka mjini, lakini miguu haiendi kwa mstari ulionyooka. Wiki tatu kabla nilikuwa natembea kila jioni na begi lenye mchele kilo nane. Nilichukua barua ya utambulisho halmashauri, na kila kijiji tulianzia ofisi ya mtendaji kabla ya kuulizia hata maji. Naomba anayetaka kwenda asilipuuze hilo. Wageni wengi wamepita kule wakitafuta mifupa, na wenyeji wana haki ya kukuuliza umefuata nini.

Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote. Tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri, tukapita Mbanja, tukapita Kikwetu kwenye uwanja wa ndege jua likiwa limeshapanda. Lami inarudisha joto usoni kama jiko. Tulikuwa tumepatana kwamba saa tano tunakaa chini ya mti na hatuinuki mpaka saa tisa, na kwa kweli huo mpango ndio uliotufikisha. Mchinga tuliingia magharibi. Gesti ilikuwa na vyumba vinne, ndoo ya maji, neti isiyo na tundu, shilingi elfu kumi. Tulikula wali na pweza, nikanywa madafu mawili nikiwa nimesimama.

Siku ya pili malengelenge yalinitoka visigino vyote viwili. Kosa langu: nilivaa soksi mpya. Nilizivua, nikapaka mafuta ya mgando, nikafunga kitambaa, nikaendelea na soksi za mdogo wangu zilizolainika. Kitomanga tulilala mapema bila mazungumzo.

Baada ya hapo tuliiacha lami, na mambo yakawa mengine. Barabara ya vumbi jekundu, mikorosho pande zote ikiwa na maua, harufu ya salfa iliyopulizwa bado hewani. Njia inapanda, inashuka, inapanda tena. Begi langu lilikuwa na kilo kumi na mbili, nusu yake maji, na kufika saa nne asubuhi mabega yalikuwa yanawaka kiasi kwamba nilikuwa nasimama kila baada ya hatua mia. Nilianza kuhesabu ni wapi nitapata bodaboda ya kunirudisha.

Tulisimama kwenye nyumba moja kuomba kivuli. Bibi mwenye nyumba alikuwa akichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akiangalia mikanda ya begi ilivyonikata.

"Mwanangu, mbona umebeba kwa mabega? Shingo unayo ya nini?"

Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akakisokota ngata, akaniwekea kichwani, akaliinua begi mwenyewe na kuliketisha juu yake. Akaniambia nisiangalie miguu, niangalie mbali, hatua ziwe fupi. Mita mia za kwanza shingo ilitetemeka. Baadaye mgongo ukanyooka, pumzi ikafunguka, na maumivu ya mabega yakabaki nyuma kule kwenye kivuli. Nilikuwa nimebeba maji hivyo utoto mzima, kisha nikasahau kwamba najua.

Hapo ndipo nilipowaelewa wapagazi kwa mwili, baada ya miaka yote ya kuwasoma. Mzigo wa mpagazi enzi zile ulikaribia kilo 30. Mimi nilikuwa na kumi na mbili, nina dawa, nina simu, na naweza kurudi nyumbani nikitaka.

Kutoka Mipingo tulipata kijana wa kutuongoza, maana njia za msituni zinagawanyika na wanyama wapo. Mbung'o wapo pia. Vaeni nguo nzito za rangi hafifu, bluu na nyeusi zinawaita. Usiku wa nne tulilala nyumbani kwa mzee mmoja katika kijiji cha mwisho, kwenye mkeka, na nilimwachia mkewe mchele na sukari.

Asubuhi ya tano tukafika. Tendaguru ni kilima cha kawaida chenye miti. Mashimo ya wachimbaji yamejaa majani, usipooneshwa unayapita. Kijana alifukua kidogo kwa kijiti, kikatokea kipande cha mfupa, kizito na baridi kama jiwe. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Tukakirudisha palepale, kwani sheria ya mambo ya kale ya 1964 hairuhusu kuchukua, na hata isingekuwepo nisingechukua.

Nikaliteremsha begi, nikataja kwa sauti jina la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji. Ni katika wachache waliohifadhiwa majina. Wengine walikuwa mamia, na sijui hata mmoja wao aliitwa nani.

Watu wanabishana mpaka bungeni kama mjusi arudi. Mimi natamani kwanza njia ipatikane: mawe ya alama, visima vinavyofanya kazi, nyumba za kulala wageni Mipingo, vijana wa kule walipwe kuongoza. Mtu wa Lindi aweze kuitembea bila kubahatisha kama tulivyobahatisha sisi.

Tulirudi kwa bodaboda. Ile ngata bado ninayo, imetundikwa ofisini juu ya ramani. Mwezi wa sita mwaka huu nitaanza na wanafunzi ishirini, siku moja tu, mjini hadi Kikwetu, kila mmoja na kilo mbili za mchele kichwani.