Nilivyolifundisha neno "unga" kwa sufuria ya mchicha

Nafundisha wageni Kiswahili, wengi wao watu wazima waliokuja kufanya kazi Dar es Salaam. Kitenzi kilichowatesa kuliko ngeli (naam, kuliko ngeli!) ni "unga". Wamekariri kwamba ni kuweka vitu viwili pamoja. Wakitoka nje wanakuta mama ntilie anauza mchicha wa kuunga, redioni hoja imeungwa mkono, na simu inawahimiza wajiunge kifurushi. Hapo bado hawajafika dukani kununua unga wa sembe, ambao ni neno jingine kabisa.

Nikaweka chaki chini, tukaingia jikoni. Tulipika mchicha kwa kitunguu na nyanya hadi ukaiva. Nikauliza: unalika? Unalika. Ndipo tukatia tui jepesi, likachemka, na mwisho tui zito, huku mmoja akikoroga bila kupumzika lisije likakatika. Walipoonja wakanielewa: mboga ilikuwapo, tumeiongezea kitu ikatimia. Huko ndiko kuunga.

Baada ya hapo mengine yalifunguka yenyewe. Bomba halifiki kwenye tangi, fundi anaunga kipande. Mwenzako katoa hoja, wewe unamwongezea nguvu, unamuunga mkono. Kuunganisha nikawaachia vitu ambavyo kila kimoja kimesimama peke yake: mabehewa, nyaya mbili, watu wasiojuana. Ndiyo maana tunasema Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964; hatusemi moja iliiunga nyingine, na atakayesema hivyo atakuwa ameanzisha mjadala usiohusu sarufi.

Mtego mkubwa uko kwenye kinyume chake. Mwanafunzi aliyekwisha kujua funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, atakwambia bila wasiwasi kwamba kinyume cha unga ni ungua. Kwa akili hiyo anastahili pongezi, ila kuungua ni kwa moto. Siku hizi siusubiri mtego huo. Naacha mboga kidogo ishike chini ya sufuria, wanuse, halafu nawapa "tenganisha" kwa vitu na "fumua" kwa mshono.

"Kiungo" hakihitaji darasa refu: goti ni kiungo, tangawizi ni kiungo, na kwenye mpira yupo kiungo mkabaji. Wapenzi wa soka hulishika hilo la mwisho kabla ya mengine yote.

"Kuungaunga" nalibakiza kwa waliokomaa, kwa sababu lina utani na uchovu ndani yake: kibarua hapa, mkopo pale, siku inapita. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa na muuza vitunguu Kiswahili chake kimefikia wapi. Akajibu, "Bado naungaunga tu, mama." Mama akacheka, akamwongezea vitunguu viwili vya bure.