Alama 4 kati ya 10

Nimerudi nyumbani Mikindani kutoka kwenye shindano letu la mapishi ya maboga, na moyo hauna raha.

Tuliliandaa kina mama wa mtaa, maana Juni hii maboga yamejaa sokoni. Kiingilio shilingi 2,000, fedha zinunue unga wa uji wa watoto wa shule ya msingi. Wapo wanaoingia darasani hawajatia kitu mdomoni.

Mimi nilikuwa jaji. Nilionja futari ya tui zito, iliki inanukia, boga limeiva laini na tui halikukatika. Nikaonja boga la korosho za kusaga. Hilo ningelila hadi usiku. Kisha akaja bibi mmoja, mzaliwa wa Newala, na sinia la boga la kuchemsha kwa chumvi, pembeni msusa, yaani majani ya maboga, ulionyunyiziwa mbegu za boga zilizokaangwa na kutwangwa. Nazi hamna. Nikampa 4 kati ya 10.

Baadaye mwalimu mmoja akasoma takwimu ya Umoja wa Mataifa: mwaka 2024, watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania karibu milioni 62. Yaani sisi sote, wazee kwa vichanga, mara 11 hivi. Ukumbi ulinyamaza.

Nikamfuata bibi alipokaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza mbona hakutia nazi.

"Hiyo nazi Januari unaitoa wapi?"

Akanieleza taratibu. Januari mtama wa mwaka jana umekwisha ghalani, palizi imekukabili na tumbo tupu. Kilichobaki ni boga lililochumwa na kikonyo chake, likakaa darini penye moshi wa jiko. Na mbegu ulizofukia kwa mvua za kwanza zinakupa msusa baada ya wiki chache, mahindi yakiwa bado hayajabeba. Jani, tunda, mbegu: mmea mmoja unamvusha mtu mpaka mavuno.

"Si mlisema mnataka chakula cha njaa?"

Tulisema. Tangazo niliandika kwa mkono wangu: mapishi ya kupambana na njaa.

Mshindi hajatangazwa. Jioni hii nimewapigia simu majaji wenzangu wawili, tukutane kesho asubuhi kabla ya soko. Karatasi za alama ninazo mimi, na ya bibi ina doa la mafuta ya mbegu pale nilipoandika 4.