Kwa nini Kieślowski aliyaogopa machozi ya kweli

Wapo waongozaji wengi wanaoanza na filamu za hali halisi kwa sababu tu ndizo zilizo karibu, kisha wakahamia kwenye filamu za kubuni na wasigeuke nyuma. Krzysztof Kieślowski wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1941 na kufariki mwaka 1996, huhesabiwa pamoja nao, lakini kwa maoni yangu hilo si kundi lake. Hali halisi haikumchosha. Ilimtia hofu, kwa kuwa kamera yake ilikuwa ikifika mahali ambapo hakuwa na hakika kama ana ruhusa ya kuingia.

Katika Pierwsza miłość ya mwaka 1974 alifuata maisha ya vijana wawili waliokuwa wakitarajia mtoto, msichana akiwa na umri wa miaka 17, na kamera ikaandamana nao hadi kwenye chumba cha kujifungulia. Zaidi ya kutazama, Kieślowski alipanga polisi awatembelee vijana hao na kuwahoji kuhusu makazi yao, ili aone watakavyofanya. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoifikiria filamu hiyo: hofu inayoonekana ni ya kweli, ilhali kilichoileta ni mpango wa mwongozaji. Baadaye alieleza kwamba machozi ya kweli yalimtisha, maana hakujua kama ana haki ya kuyapiga picha, na kwamba alijisikia salama zaidi na machozi ya mwigizaji, ambayo hata tone la gliserini linaweza kuyaleta.

Hofu hiyo iliongezeka alipokuwa akirekodi Dworzec, filamu ya mwaka 1980 kuhusu kituo kikuu cha treni cha Warsaw. Polisi walichukua mikanda yake wakitumaini kumwona humo msichana aliyeshukiwa kumuua mama yake na kuuficha mwili katika makabati ya mizigo kituoni. Msichana huyo hakuwamo. Hata hivyo Kieślowski alitambua kwamba, kamera ingegeuzwa kidogo tu upande mwingine, angekuwa amewafanyia polisi kazi yao bila kukusudia. (Mwaka mmoja kabla, katika filamu ya kubuni ya Amator, alikuwa amekwisha kumwonyesha mfanyakazi wa kiwandani ambaye picha zake zinamponza mwenzake kazini.)

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha mahakamani. Sheria ya kijeshi ilipotangazwa nchini Poland Desemba 1981, aliomba kurekodi kesi za kisiasa, na ndivyo alivyofahamiana na wakili Krzysztof Piesiewicz. Mahakimu walipoiona kamera walisita kutoa vifungo, kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki kwenye kumbukumbu akimfunga mtu kwa kosa lisilo kosa. Mawakili wakaanza kumwomba ahudhurie kesi zao, na ikafika wakati akaweka mahakamani kamera isiyo na mkanda. Filamu aliyoikusudia haikupatikana, kwa kuwa uwepo wake ulizuia jambo lile lile alilokwenda kulirekodi. Badala yake yeye na Piesiewicz waliandika hadithi ya kubuni, Bez końca, iliyotoka mwaka 1985, na wakaendelea kuandika pamoja hadi filamu zake za mwisho.

Alipohamia kwenye kubuni hakuacha jicho la mtu wa hali halisi. Katika Trois couleurs : Bleu ya mwaka 1993 kuna kipande cha sukari kinacholowa kahawa, na alitaka kilowe kwa sekunde 5 hivi, kwani zaidi ya hapo mtazamaji angechoka; kwa hiyo msaidizi wake alitumia nusu siku akichovya sukari za aina mbalimbali. Uangalifu wa namna hiyo alikuwa ameuelekeza kwa watu halisi kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba mwigizaji Juliette Binoche, anayeishika sukari hiyo, alikuwa amekubali kutazamwa kwa karibu kiasi hicho, na jioni aliweza kumwacha mhusika wake pale pale na kwenda nyumbani.